Mkwe, Mama Mkwe na Samaki Waliotema Chakula

Bi Mwiko alipofunga safari kwenda kukaa kwa binti yake, alijua atalea mjukuu, atapika, atafua, na jioni atanyoosha miguu yake kwenye kochi. Hakuna aliyemwambia kwamba atalea na samaki.

Jina hilo la Bi Mwiko alilipata jikoni. Alikuwa mpishi wa hospitali tangu ujana wake hadi alipostaafu, na wauguzi walimwita hivyo kwa sababu hata akienda kuonana na mganga mkuu, mwiko ulikuwa mkononi. Binti yake naye alikuwa mkunga, na wakati huo mwajiri wake alikuwa amempeleka mji mwingine kwa mafunzo. Angerudi mwishoni mwa mwezi uliofuata. Nyumbani alimwacha mumewe, fundi wa mabango, pamoja na mtoto wao wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Kidoti kwa ajili ya doa jeusi lililokaa katikati ya shavu kama vile limewekwa kwa kalamu.

Sasa, fundi wa mabango alikuwa mtu mwema. Hanywi, hagombani, mshahara wake anaujua mkewe. Ila kwa mama mkwe wake alikuwa na haya za kupindukia. Asubuhi angesimama mlangoni, mikono nyuma, rangi ya buluu bado kwenye kucha, aseme, "Shikamoo mama," na kabla marahaba haijamfikia, ameshaingia mitini. Na Bi Mwiko naye, mwanamke aliyewahi kumfokea daktari bingwa kwa kuingia jikoni na viatu, mbele ya mkwewe alikuwa mpole kama bibi harusi. Wakawa wanazungumza kupitia kwa mtoto.

"Kidoti, mwambie bibi nimeleta viazi."

Viazi viko mezani. Bibi yuko mezani.

"Kidoti, mwambie baba asante, Mungu ambariki."

Kidoti aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, ila kama wakalimani wengi, alikuwa na chuku zake. "Bibi, baba anasema viazi, halafu anasema nipewe biskuti mbili."

Tangi la samaki lilikaa sebuleni juu ya meza imara, mkabala na kochi. Lilikuwa mali ya mkunga, naye alilipenda kiasi kwamba mumewe aliwahi kumuuliza, kwa utani lakini si sana, nyumba ikiungua ataanza kumwokoa nani. Ndani yake alikaa Malkia, samaki wa buluu iliyopauka, mwenye nyuzi mbili ndefu zilizoning'inia kifuani kama ushanga uliokatika. Katikati ya maji lilizunguka kundi la samaki wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni, ambao Kidoti aliwaita Wanafunzi kwa sababu mmoja akigeuka wote waligeuka. Chini kabisa, juu ya changarawe, aliishi Mzee Masharubu, samaki mfupi mnene mwenye vijisharubu mdomoni, aliyependa kujificha chini ya jiwe.

Wiki ya kwanza haikuisha kabla chakula cha samaki hakijaisha. Mkunga alikuwa amemweleza mumewe kila kitu mlangoni siku ya kuondoka: kipi cha nani, kiasi gani, duka gani. Fundi alikuwa ameitikia kwa kichwa, akiwaza basi litamwacha mkewe. Halikubaki hata neno moja. Makopo matupu alishayatupa. Basi akapita duka la pembeni akaona mfuko mkubwa wenye picha ya samaki mnene anayetabasamu. Akajisemea, samaki ni samaki. Akanunua.

Mle ndani mlikuwa na punje za mviringo, kubwa kama mbaazi, za samaki wa kufugwa bwawani. Fundi alitupa kiganja kizima na kwenda zake kazini.

Bi Mwiko alikuwa kwenye kochi akimenya viazi. Akamwona Malkia akipanda juu, akiidaka punje moja, akiizungusha mdomoni kama mtu aliyetafuna kokoto kwenye wali. Kisha, pfu! Akaitema. Akaidaka tena. Pfu! Wanafunzi nao wakaigombea, wakaigonga kwa vichwa huku na huku, mchezo wa mpira usio na refa, na hakuna aliyeimega. Mzee Masharubu hata hakuchungulia.

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

Mle hospitalini Bi Mwiko alikuwa amewapikia watu wasio na meno, watu wasio na hamu, watu waliokatazwa chumvi, mafuta na sukari kwa pamoja. Wengine waliacha chakula. Wengine walikilalamikia. Lakini kutemewa? Chakula hicho hakukipika yeye, lakini aliona haya kwa niaba ya aliyekipika.

"Bibi, wameshiba?" Kidoti aliuliza.

"Hawajaonja, mjukuu wangu. Hawa wana njaa na chakula kiko puani."

Jambo rahisi lingekuwa kumpigia simu mkunga. Bi Mwiko aliishika simu, akaiweka chini. Angesema nini? Mumeo amenunua chakula kisicholika? Hiyo si ingekuwa kumsengenya mkwe wake kwa mkewe, ndani ya nyumba yake, akila viazi vyake! Kumwambia mkwe mwenyewe ndiyo kabisa, ulimi ulimwia mzito. Akakata shauri kulimaliza kimyakimya. Alipokwenda kununua sabuni, akanunua na kopo la chakula cha samaki lililokuwa rafu moja na chakula cha paka: vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, vinavyoelea. Akalificha chini ya mtandio wake.

Malkia alivipenda. Wanafunzi nao wakamega vilivyowafikia. Bi Mwiko alifurahi hadi akaongeza. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kupakua kwa wodi nzima, nyongeza yake haikuwa ndogo.

Asichojua ni kwamba fundi naye aliyaona yaleyale. Alikuwa amerudi siku hiyo mchana kuchukua brashi, akawakuta Wanafunzi wakicheza mpira wao, na akashtuka. Mkewe akijua kwamba hakusikiliza, itakuwa hadithi ya mwaka mzima. Na mama mkwe akimwona hawezi kulisha hata samaki, atajiuliza anamlishaje binti yake. Basi akauchukua mfuko hadi karakana, akazitwanga zile punje kwa nyundo mpaka zikawa unga, na kila alfajiri kabla ya watu kuamka akawa anaunyunyiza kama mtu anayetia poda.

Kwa hiyo samaki walilishwa unga alfajiri, vipande asubuhi, vipande mchana, na jioni Kidoti akawapa makombo ya biskuti, kwa sababu na yeye ana moyo.

Maji yalianza kubadilika. Kwanza yakawa kama yameguswa na vumbi, kisha yakawa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Harufu ikafuata. Malkia akawa anatwetea juu juu. Mzee Masharubu hakuonekana kabisa, na Kidoti akauliza kama amehama.

Jumamosi hiyo Bi Mwiko aliamka mapema kuliko kawaida, roho juu juu. Akaingia sebuleni bila viatu, kopo chini ya mtandio. Na mbele ya tangi, mgongo umeinama, mkono juu ya maji, alisimama mkwewe na mfuko wa unga.

Wote wawili waliganda. Kopo likateleza, likaanguka sakafuni, likabiringika hadi kwenye mguu wa fundi na kusimama, picha ya samaki ikimtazama yeye.

Kidoti alikuwa amelala fofofo. Mkalimani hayupo.

"Shikamoo mama," alisema fundi, mkono bado hewani.

"Marahaba baba."

Pampu ya hewa ilikuwa ikitoa mapovu, blubu, blubu.

"Na wewe?" aliuliza Bi Mwiko.

"Na mimi," alijibu fundi. "Tangu Jumatatu."

"Asubuhi?"

"Kila asubuhi. Na mama?"

"Asubuhi na mchana." Akasita. "Jana na jioni kidogo."

Fundi aliyatazama maji meupe, akalitazama kopo, akaitazama nyundo iliyotokeza kwenye mfuko wa suruali yake. Mdomo ukaanza kumcheza. Bi Mwiko aliona, akajitahidi kukunja uso kama inavyompasa mama mkwe, uso ukakataa. Alipocheka alicheka kwa sauti yake ya jikoni, ile iliyokuwa ikisikika hadi maabara, na fundi akalazimika kukaa chini akishika mbavu.

"Tulitaka kuwaua kwa shibe," alisema alipopata pumzi.

"Chonde, binti yangu asijue."

"Mama, asijue kwa nani? Kwangu? Mimi ndiye ninayemwogopa!"

Asubuhi hiyo walifanya kazi bega kwa bega. Fundi alinyonya maji machafu kwa mpira pamoja na uchafu uliolala kwenye changarawe. Bi Mwiko aliyamwaga kwenye maua ndoo kwa ndoo, akileta mengine yaliyokwisha kutulia kwenye pipa. Hawakuyatoa yote, maana fundi alikumbuka walau hilo katika maagizo ya mkewe. Chini ya jiwe wakamkuta Mzee Masharubu, mzima, amekonda, amenuna. Kidoti alipoamka akakuta baba yake na bibi yake wamelowa hadi viwikoni wakibishana juu ya ndoo. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Hawakuwalisha samaki mchana kutwa. Alasiri walikwenda, wote watatu, hadi duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko. Mwenye duka alikuwa mwanamke mrefu, mikono ya blauzi imekunjwa, akitafuna karanga huku akisafisha vioo. Kuta zilijaa makopo: vipande, punje za kuelea, punje za kuzama, vidonge, vijiti, vya rangi, vya kukuza, vya mimea. Bi Mwiko akashika kiuno.

"Tunataka chakula cha samaki," alisema fundi.

"Karibuni. Midomo yao inaangalia wapi?"

Fundi akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama Kidoti.

"Inaangalia... mbele?" alijaribu fundi.

"Wote?"

"Mimi nadhani inaangalia chakula," alisema Bi Mwiko, na mwenye duka akacheka hadi karanga zikampalia. Kisha akawaelekeza, bila majivuno, akiwaonyesha kwenye matangi yake. Samaki ambaye mdomo wake umeelekea juu, huyo anakula juu ya maji: mpe kinachoelea. Mwenye mdomo wa mbele hupenda kukidaka kikishuka polepole, tena kiwe kidogo kuliko jicho lake. Mwenye mdomo wa chini anaokota sakafuni, na kama hakimfikii chochote kinachozama, atakufa njaa katikati ya karamu.

"Basi yule mzee wetu," Bi Mwiko alisema taratibu, "wiki nzima alikuwa akisubiri sahani isiyofika."

"Nendeni mkawatazame vizuri kwanza," alisema mwenye duka. "Sifungi mpaka jioni. Watu wengi hununua kopo kwa uzuri wa picha."

Fundi akatazama viatu vyake.

Ndiyo maana jirani yao, aliyekuja kuazima pasi na kupiga hodi bila kujibiwa, alipochungulia sebuleni aliona kitu ambacho alikisimulia mtaa mzima: fundi wa mabango amelala kifudifudi sakafuni, mama mkwe wake amepiga magoti kando yake na tochi, mtoto katikati, wote wamebandika pua kwenye kioo.

"Kulikoni jamani? Mmepoteza pete?"

"Tunatazama midomo," alisema Bi Mwiko bila kugeuka. "Njoo utusaidie. Huyu wa buluu, unamwonaje?"

Jirani akajikuta naye kapiga magoti. Malkia, wakakubaliana, midomo yake ilibinuka juu, kama mtu anayesubiri kubusiwa. Fundi akaiga. Kidoti akaiga. Jirani aliiga vizuri kuliko wote. Wanafunzi waliwasumbua kwa kutotulia, lakini mwisho mmoja akasimama, na vijidomo vyao vilikuwa vidogo kama tundu la sindano, vimenyooka mbele. Fundi, ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, alichukua kipande cha boksi na kalamu nene akaanza kuchora nyuso zao, kubwa kama za watu.

Mzee Masharubu alitoka wa mwisho. Alichungulia, akarudi, akachungulia tena. Mdomo wake ulikuwa chini kabisa, umefunikwa na vile vijisharubu vilivyopapasa changarawe. Fundi akamchora kwa mistari michache. Bi Mwiko alipokitazama kile kiboksi, akaweka tochi chini.

"Nimekosea, mama?"

"Hujakosea. Huyu ni baba mkwe wako mtupu."

Fundi hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Alifariki kabla ya harusi, na nyumbani picha yake ilikuwa ndogo, imefifia. Hakuwahi kuthubutu kuuliza. Sasa alikaa, akaegemea kochi.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na sharubu hivihivi, na zikiingia mchuzini hataki uzitaje." Bi Mwiko alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja. "Na mwoga wa kutazamwa akila! Ukimkaribisha kwenye sherehe anasema ameshiba. Watu wakiondoka, taa zikizimwa, unamsikia jikoni akifungua sufuria. Miaka yote ile nilikuwa ninamwachia sahani yake pembeni, nami ninajifanya silijui hilo."

Jirani alicheka. Fundi naye alicheka, lakini aliendelea kumtazama mama mkwe wake hata kicheko kilipokwisha, na Bi Mwiko aliendelea kusimulia: jinsi walivyokutana, jinsi alivyomposa huku akitazama ukuta, jinsi binti yao alivyorithi umbo la kisigino chake. Kidoti aliutazama ule mchoro na kumsalimu babu.

Walirudi dukani kabla halijafungwa, kile kiboksi mkononi. Mwenye duka aliufurahia mchoro kuliko fedha. Kwa Malkia aliwapa vipande vinavyoelea, kopo dogo, kwa sababu kopo kubwa likishafunguliwa chakula hupoteza nguvu kabla hakijaisha. Kwa Wanafunzi, punje laini kama mchanga zinazoshuka bila haraka. Kwa Mzee, vidonge vizito vya kuzama, apewe taa zikizimwa, wenzake wasimpore.

"Na msiwape zaidi ya wanachomaliza katika muda wa kumsalimu jirani."

"Jirani yupi?" aliuliza Bi Mwiko. "Wetu akianza na hali ya nyumbani, anamaliza na hali ya kuku wa shangazi yake."

"Basi msalimuni mtu mwenye haraka."

Jioni hiyo walikaa mkao wa kula, ila waliokula hawakuwa wao. Fundi alitia vipande kidogo juu, na Malkia akavivuta kimoja kimoja bila kutema. Kidoti aliruhusiwa kunyunyiza punje kwa ncha ya kidole. Wanafunzi wakazishukia kama kengele ya mapumziko imelia. Kisha fundi akazima taa ya tangi na ya sebule, Bi Mwiko akadondosha kidonge karibu na jiwe, na wakangoja, pua kwenye kioo, mwanga wa barabarani tu ukipenya dirishani.

Kidonge kilikaa. Hakuna kilichotikisika.

Kisha sharubu moja. Kisha ya pili. Mzee Masharubu akajitokeza mzima mzima, akakizunguka kidonge mara moja kama anayekagua, akakilalia na kuanza kukila. Alikula kama hana kesho. Mkia ulimtikisika kwa utamu.

"Anakula!" Kidoti alinong'ona kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Bi Mwiko alimpiga mkwewe begani kidogo, mara mbili, kama alivyokuwa akiwapiga wapishi wake wadogo siku wodi zote zilipomaliza chakula. Fundi hakukimbia.

Mwisho wa mwezi uliofuata mkunga alirudi kwa basi la jioni, bila kutoa taarifa, akitaka kuwashtukiza. Alipofika mlangoni akasikia makelele, akaweka begi chini. Mama yake na mumewe walikuwa wanagombana.

"Mama, umemzidishia tena!"

"Nimemzidishia nini? Mwone alivyokonda!"

"Amekonda wapi huyu? Ana kitambi!"

"Kitambi ni chako wewe! Mpe kizima, nusu anaibiwa na hao watoto."

"Mama, nakuheshimu, lakini kwa hili hapana."

Mkunga akasukuma mlango. Sebule ilikuwa giza. Kwenye mwanga wa dirishani aliona vichwa vitatu sakafuni vikiwa vimegusana, na mama yake akiwa ameshika kidonge juu juu, mumewe akijaribu kukifikia.

"Jamani, hodi," alisema.

"Shh!" walimjibu wote watatu kwa pamoja. Kisha wakagundua ni nani, na tafrani ikaanza: Kidoti alimrukia kiunoni, fundi akajigonga kwenye meza akisimama, Bi Mwiko akapiga kigelegele kilichomrudisha Mzee Masharubu chini ya jiwe haraka kuliko alivyotoka. Waliwasha taa, wakamvuta mkunga hadi kwenye tangi, kila mtu akimweleza lake. Maji yalikuwa safi kama hewa. Samaki wake walikuwa wamenawiri kuliko alivyowaacha, na ukutani, juu ya tangi, kuliwekwa bango lililopakwa rangi za uhakika, nyuso tatu kubwa na midomo yao mitatu.

Alicheka mpaka akajitupa kwenye kochi. Kisha akanusa hewa, akanusa tena.

"Mama, mmepika nini? Nina njaa ya safari."

Bi Mwiko akamtazama mkwewe. Mkwewe akatazama jikoni, kwenye jiko baridi na sufuria zilizosafishwa tangu mchana. Hakuna aliyekuwa amewakumbuka binadamu.

"Mayai yapo," alisema fundi akikunja mikono ya shati. "Mama, leo kaa. Nitakaanga mimi."

"Kaanga, mwanangu," alisema Bi Mwiko, akanyoosha miguu kwenye kochi kando ya binti yake. "Langu usitie chumvi nyingi."